Naenda PGA Show Orlando Januari kwa mara ya kwanza, nianzie wapi?

Bogi_Mbili

Wakuu habari za Jumapili. Kuna kitu wiki nzima kinaninyima usingizi nikaona nikilete humu. Mimi nipo Florida mwaka wa nne sasa, napiga kazi kwenye duka la klabu moja ya gofu, kazi yenyewe ya kawaida tu, asubuhi nafuta fimbo za wanachama na kupanga mabegi, mchana niko kaunta nauza mipira na glavu. Sasa juzi bosi kaja ananiambia jina langu kaliingiza kwenye orodha ya wanaoenda PGA Show Januari, beji inatoka na jina langu kabisa. Mimi huyu niliyeanza kubeba begi Arusha nikiwa darasa la sita, fimbo yangu ya kwanza ilikuwa aironi saba ya kuokota, shafti (mpini) imekatwa, gripu ya kushikia hakuna nikaviringisha mpira wa ndani wa baiskeli 😂

Kwa wasiojua, haya sio mashindano, ni maonyesho ya biashara ya gofu. Yanafanyika Orlando, Orange County Convention Center, kampuni zaidi ya 1,000 zinaleta mali zao na mlangoni hakuna tiketi ya kununua, lazima uwe mtu wa biashara ya gofu ndio unaingia. Siku ya kwanza ni Demo Day pale Orange County National, Winter Garden, watu wanapiga mipira kutwa, halafu zinafuata siku tatu za ndani ya ukumbi. Bosi kanipa Demo Day na siku moja ya ndani, nyingine narudi dukani.

Swali langu: nianzie wapi? Roho yangu iko kwenye draiva, ile fimbo ya kupiga mbali, nisiwadanganye. Hizi za 2025, Qi35 ya TaylorMade, G440 ya Ping, Elyte ya Callaway, zote nimeziuza kwa mikono yangu na sijawahi kumiliki hata moja. Nimeweka pembeni dola 600. Je nisubiri za mwaka mpya nione kwanza au nachelewa bure? Na nyie mnatamani nikawaangalizie nini, maana picha nitapiga nyingi.

Kiboko_wa_Bunka

Tiger utamkuta? Mwambie kuna jamaa Kinondoni ana swingi kama yake ya mwaka 2000, tofauti ni matokeo tu.

Bogi_Mbili

😂😂 Mkuu pale watu wanakuja kuuza na kuagiza mali. Nikimwona nitafikisha salamu.

FundiShafti_Dar

Hongera sana mdogo wangu, hiyo beji wengine tumeiota miaka kumi na tano. Sasa nisikilize vizuri kabla hujaipeleka hiyo dola 600 mahali pabaya.

Draiva imefika ukutani, na ukuta wenyewe ni sheria. USGA na R&A, wenye sheria za gofu duniani, wameshaweka kikomo kila upande, kichwa mwisho sentimita za ujazo 460, uso wa fimbo una kipimo chake cha jinsi unavyorusha mpira na kampuni zote kubwa zilishafika kwenye hicho kipimo miaka mingi iliyopita, hata ule ukaidi wa kichwa kutopinda ukipiga pembeni una namba yake, 5,900, huruhusiwi kuzidi. Ndio maana unaona Ping mwaka 2024 walipotoa ile G430 Max 10K ikabidi wajumlishe upinzani wa kushoto kulia na wa juu chini ndio ipatikane hiyo elfu kumi ya kutangazia. Sio uongo, fimbo ni nzuri kweli na mimi mwenyewe namfungia mteja wangu mmoja mwenye slaisi ya kutisha, mpira unampinda pembeni, na imemsaidia, ila elewa walichofanya. Mpira uliopiga katikati hauendi mbali kuliko wa draiva ya miaka mitano nyuma kwa kiasi cha kukutoa jasho. Kinachoboreshwa ni ule uliopiga vibaya.

Na hicho kikomo sio cha karatasi tu. Mei 2025 kwenye PGA Championship pale Quail Hollow draiva ya pro Scottie Scheffler ilipimwa ikakataliwa, mwenyewe alisema hadharani, na sio kwamba alichakachua, uso ukipigwa sana unazidi kuchangamka taratibu mpaka unavuka mstari. Akachukua ya akiba, akashinda nayo mashindano yale yale. Sasa niambie draiva ndio iliyomshindia?

Kwa hiyo mimi nakwambia hivi, za mwaka mpya zikitangazwa Januari hizi za 2025 zinashuka bei pale pale, wewe uko dukani unalijua hilo kuliko mimi. Nunua ya 2025, hela inayobaki weka kwenye shafti na fitingi, yaani kupimwa fimbo ikukae. Pale Demo Day wafitishaji wenyewe wa kampuni wapo, wale ndio wa kuwasumbua, waulize wanaangalia nini kwanza mtu akisimama mbele yao, kasi au mahali anapogusa uso. Hilo jibu hulipati YouTube.

Halafu kwenye Demo Day usibebe namba zozote ukarudi nazo nyumbani. Mipira ya reinji (uwanja wa mazoezi), upepo wa Florida wa Januari, adrenalini, nyuma yako foleni inakuangalia. Kila mtu siku hiyo anapiga mbali.

Bogi_Mbili

Kaka shikamoo kwanza 🙏 Hiyo ya bei kushuka kweli, mwaka huu tulipunguza zile za 2024 wiki ile ile mpya zilipotua. Roho inauma tu maana kitu kipya ni kitu kipya.

FundiShafti_Dar

Marahaba. Roho itapoa, slaisi haipoi.

Ukungu_wa_Limuru

Boss hongera, umetuwakilisha. Mimi naongea kutoka upande wa milimani, wacha nikuongezee moja ambayo watu wa Pwani hawaisikii. Sisi tunacheza juu sana, hewa ni nyepesi. Aironi saba yangu nikishuka Nyali inakufa yadi 150, nikirudi Limuru ile ile inanipa 165 bila kuongeza nguvu yoyote. Watu wanafurahi wanadhani wameimarika kumbe ni mlima. Lakini kuna shida yake, hewa nyepesi pia haiinui mpira vizuri, so draiva yenye lofti ndogo, uso haujalala sana, ambayo pro wa Florida atakufitia huko chini, ukiileta huku mpira unatoka kama risasi ya chini halafu unaanguka. Mimi nilinunua ya digrii 9 nikiwa safarini, nimefika nyumbani ikabidi niifungue niiweke 10.5 ndio ikaanza kuongea lugha yangu.

Ombi langu: nenda kwa wale wa mashine za kupimia mpira, TrackMan na wenzake, uniulizie zile ndogo za bei ya mwananchi kama zina sehemu ya kuweka mwinuko wa mahali. Zile kubwa zinayo. Ndogo nyingine zinakudanganya tu zinadhani dunia yote iko baharini.

Na ulizia mpira. Hawa wakubwa wa sheria walitangaza Desemba 2023 kwamba mpira utabanwa, mapro kuanzia 2028 na sisi wengine 2030, kipimo ni fimbo ikizungushwa kwa kasi ya maili 125 kwa saa na usizidi yadi 317. Nataka kusikia watu wa mipira wanasema nini uso kwa uso sio kwa tangazo. Mimi kwa kasi yangu najua sitapoteza kitu cha maana, lakini nitapata kisingizio kipya.

Mama_Par3

Nimesoma yote hadi hapa nimehesabu neno draiva nikachoka. Wanaume mna nini?

Mwanangu Bogi_Mbili, ukiingia ukumbini nenda moja kwa moja kwenye maputa, fimbo za kusukumia mpira shimoni. Huko ndiko kuna habari sasa hivi. Hizi wanazoita zero torque. Nikueleze kwa kiswahili cha jikoni: chukua puta yako ya kawaida, ilaze shafti juu ya kidole ikae kama mizani, utaona kichwa kinajigeuza chenyewe, ama uso unaangalia juu ama ncha inaning'inia chini. Sasa ndio hivyo hivyo kinataka kujigeuza mkononi mwako ukiwa unaputi, na wewe unakaza mikono kukizuia, ukikaza zaidi unavuta, ukilegea unasukuma. Hizi mpya shafti imeingia pale kwenye kitovu cha uzito, kichwa kinatulia, hakina mpango wa kwenda popote. Waliolianzisha hili balaa ni L.A.B. Golf wa Oregon na mwanzo watu waliwacheka maana ile puta yao ya kwanza inafanana na pasi ya mkaa. Pro Lucas Glover aliyekuwa mikono inatetemeka kwenye putti fupi akahamia kwao, Agosti 2023 akashinda wiki mbili mfululizo. Halafu J.J. Spaun akashinda US Open ya 2025 Oakmont na DF3 yao, shimo la mwisho kabisa putti ya futi 64 ikaingia, nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Sasa hivi Odyssey wanazo, TaylorMade wanazo, Bettinardi, PXG, kila mtu kawa mtaalam.

Mimi nataka ujaribu tano sita mfululizo siku hiyo hiyo kwenye zulia moja uniambie ukweli, je unahisi tofauti au ni hadithi? Na uangalie gripu, za L.A.B. shafti imelala kidogo mbele ndani ya gripu, wapo wanaosema inawachanganya macho.

La pili, wanawake. Dukani wanatuletea "seti ya kike" na ukiangalia ni ile ile ya kiume imepakwa zambarau na shafti laini kama ya kuvulia samaki. Mimi nina futi tano na inchi tisa na nabeba hendikapu 14, hiyo shafti nikiizungusha inafika kesho. Wapigie picha wanaotengeneza shafti nyepesi lakini ngumu. Nyepesi na laini ni vitu viwili, hilo waambie na wauzaji wako.

FundiShafti_Dar

Mama nakuunga mkono kwenye shafti mia kwa mia. Kwenye puta nina neno. Haikufundishi kusoma grini, yale majani mafupi yenye shimo, na kwa mtu anayelenga vibaya tangu mwanzo inampeleka vibaya kwa unyoofu zaidi 😄

Mama_Par3

Fundi, bora nikose kwa unyoofu.

Sumaku

Naomba niingilie kidogo kwenye suala la bei ya chini maana nisije nikanyamaza mtu akaumia kama mimi. Miaka mitatu nyuma niliona draiva kwenye ukurasa mmoja mtandaoni, mpya ndani ya plastiki, bei nusu. Nikalipa. Ikafika wiki ya pili, rangi safi, maandishi safi, kifuniko cha kichwa safi. Nimepiga mpira wa kwanza ikatoa sauti ya sufuria iliyodondoka sakafuni. Nikajisemea labda ndio teknolojia. Wiki ya tatu juu ya kichwa pakatokea ufa mwembamba kama unywele. Mwanangu wa miaka tisa, wala sio mimi, akachukua sumaku ya kwenye friji ile ya umbo la nanasi akaibandika usoni mwa draiva, ikanasa tah! Titaniamu haishiki sumaku wakuu. Nilinunua chuma cha kawaida kilichopakwa rangi.

Kwa hiyo Bogi_Mbili wewe utakuwa mbele ya vitu halisi, tuletee picha za karibu kabisa, mistari ya uso, ile pete nyeusi pale shafti inapoingia kichwani, namba zilizochongwa shingoni. Picha za tangazo hazionyeshi hivyo vitu. Tukiwa nazo humu mtu akitumiwa mali atalinganisha.

Bogi_Mbili

Aisee pole sana. Hiyo nitaifanya, tena nitabeba na sumaku 😂

Mzee_wa_Shimo_la_19

Vijana nimecheka. Ngoja nimpe kijana historia kidogo asiende kama mtalii. Hayo maonyesho yalianza 1954 mjini Dunedin, Florida, kwenye eneo la kuegesha magari la klabu ya PGA. Wauzaji walifungua buti za magari wakapanga mali pale, mapro wanapita wanachagua. Yaani ni machinga watupu. Sasa hivi ni ukumbi wa kuchosha miguu na watu zaidi ya elfu thelathini. Mimi fimbo zangu za kwanza nilinunua kutoka kwenye buti ya Peugeot 504 nyuma ya klabu, muuzaji alikuwa daktari anahama nchi, kwa hiyo mkija kuniambia biashara ya buti ni ya kishamba nitawaonyesha Dunedin.

Vaa viatu ulivyokwisha vizoea. Na kona ya wagunduzi usiiruke, wale wenye meza moja na kitu kimoja alichokitengeneza gereji kwake. Kati ya kumi, tisa ni vichekesho, yupo atakayekuuzia ndoo ya kukufundisha kuinama. Huyo wa kumi ndiye wa kumtafuta.

Ukungu_wa_Limuru

Mzee umenikumbusha, Cobra nao mwaka 2024 walitoa zile aironi zilizochapishwa kwa mashine ya 3D, LIMIT3D, seti 500 tu dunia nzima, ndani ni wavu wavu kama sega la nyuki, nje zinaonekana aironi za pro nyembamba. Mwaka uliofuata wakaleta za kuuza kawaida. Kama wapo shika moja mkononi uniambie inapiga kelele gani. Hiyo ndio kitu mimi naona mpya kabisa, mengine yote ni rangi.

Chipukizi_Moro

Titleist watatoa draiva mpya hapo? Na mipira ya Pro V1 mpya?

FundiShafti_Dar

Kwa mtindo wao hapana. Draiva zao zinakuja miaka ya namba shufwa na sio Januari, TSR 2022, GT 2024, zote katikati ya mwaka kwenda mbele. Pro V1 ni Januari lakini miaka ya witiri, 2023, 2025. Januari hii kwao tazamia weji za Vokey, fimbo za mapigo mafupi, SM9 ilikuwa 2022 na SM10 2024, hesabu mwenyewe.

Kedi_Lugalo

Kaka zangu na mama zangu shikamooni. Mimi ni kedi, mbeba mabegi ya wachezaji, nacheza pia Jumatatu tukiruhusiwa. Kila mtu kaomba vitu vikubwa, mimi naomba uangalie gripu. Hapa Dar jua na jasho la chumvi, gripu mpya miezi minne imekuwa kama sabuni, unapiga draiva unaogopa itamfuata mpira. Tunaosha na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, tunasugua na brashi ya viatu, inarudi siku tatu nne inakufa tena. Wapo wanachama wana zile za Golf Pride zenye uzi ndani, za nyuzi nyuzi, ukishika kama unashika kamba ya jahazi, zile hata mkono ukilowa hazitoki. Uliza kama kuna mpya za hali ya hewa ya joto la unyevu maana huko Florida na nyie mnatoka jasho. Na wakikupa za sampuli usizitupe.

Bogi_Mbili

Mdogo wangu umenigusa. Nimetoka huko huko na ule mpira wa baiskeli. Florida Julai hapa tunabadilisha gripu za wanachama kila wiki, najua unachokisema.

Basi wakuu nimepanga hivi. Demo Day nazunguka kwa wafitishaji, ule uwanja wa reinji ni duara kabisa, kwa hiyo naanza upande mmoja nazunguka mpaka nirudi nilipoanzia, draiva nazipiga kwa ajili ya roho tu, sinunui. Siku ya ndani asubuhi maputa ya Mama, nitaputi kila moja mipira kumi futi sita naandika kwenye daftari, halafu shafti nyepesi, halafu mashine za mwinuko, wagunduzi mchana nikiwa nimechoka. Sumaku mfukoni. Dola 600 nimeigawa, 400 draiva ya 2025 itakaposhuka, 200 sijaamua.

Kedi, gripu zangu nanunua mwenyewe kwa bei ya mfanyakazi, sampuli tusizitegemee. Una fimbo ngapi za kubadilisha, kumi na nne?

Kedi_Lugalo

Kumi na tatu kaka. Puta yangu bado inakamata.

Mama_Par3

Puta gani hiyo?

Kedi_Lugalo

Ya mwanachama mmoja alinipa alipoikasirikia.

Mama_Par3

Bogi_Mbili, ile 200 ambayo hujaamua, nimeshaamua mimi.